Chaki ilivyotuponza Jangwani

Jamani, leo nusura tupigwe kisa chaki!

Timu yetu ya utafiti wa mabadiliko ya tabianchi ina mhandisi, mwanasheria, mimi wa jiografia, na Salma wa fasihi. Huyo tulimtania kaja kutubebea chupa za maji.

Mhandisi kachora alama kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba moja hapa bonde la Jangwani, pale mafuriko yalipofika.

Mama mwenye nyumba katoka mbio: "Mnakuja kutubomolea?"

Kumbe huku alama ukutani ni ishara ya bomoabomoa!

Majirani wakajaa.

Salma akasogea. "Shikamoo mama. Poleni sana na mafuriko."

"Marahaba." Mama akashusha pumzi. "Wapimaji wanapishana hapa kila siku, mwanangu. Pole ndiyo naipata leo."

Tukatandikiwa mkeka.

Salma, asante. Kesho chupa nabeba mimi.