Somo la Koreshi Lilivyonivua Nguo

Mdomo wangu ndio ulioniponza.

Mama alipofariki kwetu Bungoma, niliwaambia washirika wa kanisa letu hapa Tottenham kwamba siwezi kwenda kumzika, pasipoti yangu imekwama uhamiaji. Waliniamini, maskini. Mama Neema alileta chapati kwenye hotpoti yake kubwa, akalia kuliko mimi. Nami nikazila zote.

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kwetu mwana mkubwa hulala kwenye nyumba aliyojijengea wakati wa matanga, na miaka kumi na minane ya London sijajenga hata choo.

Wiki tatu baadaye, mjinga mimi, nikawafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari za Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli. Wazazi walikaa nyuma wakisikiliza. Nikaeleza jinsi mfalme Koreshi alivyowaruhusu kurudi Yerusalemu, lakini wengi wakabaki. Kichwa kikanivimba, nikapaza sauti:

"Ni mtu wa aina gani huyo, anafunguliwa njia ya kwao halafu haendi?"

Binti yangu Imani, wa miaka tisa, akainua mkono. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Kama Baba," alisema. "Pasipoti yake ilikuja kabla Nyanya hajazikwa. Ameificha kabatini, chini ya taulo."

Kisha Mama Neema akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, hotpoti yangu nije kuichukua lini?"