Ijumaa Niliyonyamaza Mimbarini

Siku yangu ya kwanza kuhutubu, katika msikiti mdogo wa Tononoka, nilitetemeka hata asa, ile fimbo anayoegemea khatibu, ikawa inagonga mbao za mimbari. Imamu mkuu alingoja hadi watu wakatoka.

“Mwanangu,” akaniambia, “khatibu ana kazi mbili, kubashiri mema na kuonya. Kwa ile ya kwanza watu watakupenda. Hii ya pili ndiyo utakayoulizwa mbele ya Mola.”

Nilikuwa naibu wake miaka minane, kisha nikapewa msikiti Mji wa Kale. Tulifundishwa hivi: ukiona ovu, anza na nasaha, yaani mwendee mtu faraghani. Asiposikia, waonye watu waziwazi, wala usingoje madhara.

Asubuhi moja alinijia Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akiuza mahamri. Akanipeleka chumbani kwake, akatia vidole vinne ndani ya ufa wa ukuta. Juu yetu boriti zilikuwa zimeoza.

“Tumepanga familia sita nyumba hii, Sheikh. Mwenyewe tumemwambia mpaka tumechoka.”

Mwenye nyumba alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu. Nikamwendea.

“Nyumba ile kaijenga babu yangu,” alisema, akinimiminia kahawa. “Itatuzika sote. Wewe, Maalim, shughulika na swala.”

Wiki ile niliandika khutba juu ya amana na roho za watu. Ijumaa nikapanda mimbarini, naye yuko safu ya mbele, ananikazia macho. Nilipofungua kinywa, nikahutubu fadhila za subira. Nikajiambia, nitasema Ijumaa ijayo.

Jumanne, baada ya alasiri, dari ya chumba kile iliporomoka. Hakufa mtu, lakini Bi Zuhura alivunjika nyonga. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi. Akasema, “Nilikuja kwako kwa kuwa mimi sina mimbari, Sheikh.”

Ijumaa iliyofuata nilisema yote: ufa, boriti, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Mwenyekiti alitoka kabla hatujasali. Jamaa wote walihama kabla ya wiki kwisha, wakapokewa na majirani, na mvua za masika zilipouangusha ukuta, ndani hamkuwa na mtu. Kamati ilitaka kuniondoa, waumini wakakataa. Bi Zuhura alinisamehe, ila hakutembea tena bila gongo.

Tangu hapo niliwaonya wengi, na wengine hawanisalimu hadi leo. Vijana wanaosomea ukhatibu huniuliza kama hofu huisha. Haiishi. Mimi nimestaafu, nakaa safu ya tatu kama watu wengine. Lakini khatibu akisita katikati ya maneno, nainamisha kichwa, namwombea asibadilishe alichokuja kusema.