Mchoro Mbaya wa Marlys Tollefsrud

Mwaka ambao theluji ilichelewa kuyeyuka, baba yake Marlys Tollefsrud aliamua kulijenga upya zizi la ng'ombe. Marlys alikuwa bado mdogo, na meno ya mbele hayajamwota. Gunnar, baba yake, hakuwa mtu wa karatasi. Alichukua chaki, akachora zizi zima juu ya mlango wa ghala, akasimama mbali akalitazama, kisha akalifuta nusu kwa mkono wa koti na kulichora tena. Aliendelea hivyo majira yote ya machipuko, hata Alma mkewe akachoka kufua.

"Gunnar, hilo koti ndilo limekuwa zizi," Alma alimwambia. "Kesho nitakukuta unalikama."

Siku nyingine Gunnar alimpa binti yake ile chaki. "Haya, mama, nionyeshe ng'ombe wapite wapi." Marlys akachora ng'ombe mwenye miguu sita, amekwama mlangoni. Baba yake alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, kisha akainuka na kuutazama mlango wa zizi aliokuwa ameuchora. Ulikuwa mwembamba kweli. Zizi lilipojengwa, mlango wake ulikuwa mpana, na ng'ombe waliingia wawili wawili bila kusukumana.

Marlys alisoma hesabu katika chuo cha Walutheri, akapata kazi Minneapolis katika kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta. Siku ya kwanza alikabidhiwa rula ya plastiki ya kijani iliyotobolewa maumbo ya kila namna: kisanduku, almasi, mviringo, mshale. Kwa rula hiyo ilimpasa kuchora kielelezo cha mfumo mzima, yaani picha ya kila jambo ambalo programu itafanya, kabla mtu yeyote hajaandika hata mstari mmoja wa programu yenyewe. Michoro ilitiwa saini na wakubwa, ikafungwa kama kitabu, na kuanzia hapo haikuruhusiwa kuguswa. Ilitokea mara nyingi kwamba saini ya mwisho ilipopatikana, mwenye kuiagiza programu alikuwa amekwisha kubadili biashara. Marlys alifanya kazi hiyo kwa uaminifu, bila manung'uniko, na mistari yake ilinyooka kuliko ya wenzake wote.

Miaka ikapita, na katika fani ile ikazuka namna nyingine ya kufanya kazi. Watu wakaanza kusema: chora kidogo, jenga kidogo, mwonyeshe mwenye kazi, sikiliza, kisha chora tena. Wenzake kadhaa waliipokea kama waongofu wapya, wakahubiri hata wakati wa chakula. Marlys hakuhubiri. Aliona tu kwamba amerudishwa kwenye mlango wa ghala la baba yake. Gunnar alipofariki, alirudi kaskazini, akapata kazi Duluth, mji wa kando ya ziwa, katika kampuni ndogo iliyokuwa juu ya duka la fundi viatu, ambako harufu ya gundi ilipanda ngazi kila asubuhi pamoja na wafanyakazi.

Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Craig Nyquist, kijana muungwana, mtulivu, ambaye penseli zake zote zilikuwa na urefu mmoja. Naye ndiye aliyepata kazi ya chama cha kuwapelekea wazee chakula cha mchana. Chakula hicho kilipikwa katika ukumbi wa chini wa kanisa, nao wajitolea walikisambaza kwa magari yao nyumba kwa nyumba. Mratibu wa zamani, aliyekuwa na njia zote kichwani, alikuwa amestaafu, na chama kilitaka programu ya kupanga nani ampelekee nani.

Craig alikiandaa kielelezo mwenyewe, kwa programu ya kuchorea iliyosifiwa sana, akakichapisha kwa rangi na kukitundika ukutani katika ukumbi wa kanisa. Kilipendeza. Upande mmoja kulikuwa na visanduku vya bluu vya wapokeaji, upande wa pili visanduku vya kijani vya wagawaji, na mishale iliyonyooka kati yao. Wajitolea walikitazama huku wameshika vikombe vya kahawa.

"Si mbaya," alisema Harlan Skogmo, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa kabla ya kustaafu, na ambaye sasa alihudumu njia ya kaskazini. Kwa watu wa huko, hizo ni sifa kubwa.

"Kuna neno lolote la kurekebisha?" Craig aliuliza.

"Hapana, hapana," alijibu Delores Enger, mwenyekiti wa chama. "Umejitahidi kweli, Craig. Rangi zake tu!"

Mezani palikuwa na sinia la keki ya chokoleti na karanga, na kipande kimoja tu kilikuwa kimebaki. Marlys alitazama mtu wa kwanza akikikata nusu na kuiacha nusu, wa pili akiikata ile nusu, wa tatu akichukua kilichokuwa kama ukucha, na bado chembe ikabaki katikati ya sinia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana amekimaliza. Kisha akatazama ule mchoro mzuri ukutani, ambao hakuna aliyeugusa.

Programu ilijengwa kwa mchoro huo, ikajaribiwa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi ilitoa jibu bila kusita: njia ya kaskazini, ile inayofuata ufuko wa ziwa na kupanda vilima vya Knife River, ina walaji watatu tu, nayo inamlia dereva asubuhi nzima. Tena Harlan alikuwa akibeba vyakula vingi kuliko walaji hao, na programu iliviandika kuwa vimeharibika.

Delores alisoma habari hiyo kwa huzuni. "Itabidi tuifunge kabla ya theluji," alisema. "Sipendi, lakini nitawaambia nini wengine? Tutaamua Alhamisi."

Miongoni mwa wale watatu alikuwemo Alma, mama yake Marlys, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho inayofikiwa na greda la kuondoa theluji barabarani. Marlys angewezaje kuitetea njia hiyo mbele za watu? Angeonekana anamwombea mama yake mlo.

Siku iliyofuata alikwenda kumwona.

"Mama, wakifunga njia utakula nini?"

"Mimi? Mimi sina shida. Kunywa kahawa."

"Mama, nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Viazi vipo. Mbona umekonda? Huko mjini hamli?"

Marlys akainuka kuweka kikombe jikoni, na kando ya mlango wa nyuma akaona vyombo vya plastiki vya chakula cha chama, vimeoshwa, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama mnara. Mwanamke mmoja, mlo mmoja kwa siku, na Harlan alichukua vyombo vitupu kila alipokuja. Vile vilikuwa vya mtu mmoja namna gani?

"Ulikuwa na wageni, mama?"

"Nimeosha tu," alijibu Alma, akachungulia dirishani kana kwamba kuna ndege aliyemwahidi kupita.

Huko mtu hambani mama yake. Marlys alirudi mjini akiwa na wazo moja, akaketi karibu na Craig mbele ya kompyuta. Kwenye kioo alimburuta Alma kutoka kisanduku cha bluu cha wapokeaji na kujaribu kumweka katikati, ili awe pia mgawaji. Kioo kikawaka nyekundu. Akajaribu kuchora mshale kutoka nyumba ya Alma kwenda kwenye kisanduku kisicho na jina. Kikawaka tena.

"Haikubali," Craig alisema kwa upole. "Mtu ni mpokeaji au ni mgawaji. Na kisanduku lazima kiwe na jina na tarehe ya kuzaliwa."

"Na kama sijui jina?"

"Basi unalitafuta kwanza, ndipo unachora."

"Craig, ndugu yangu, mimi nachora ndipo nilipate. Programu yako haikubali, na mama yangu naye hakubali kusema. Kati ya hao wawili, nani rahisi kumzunguka?"

Craig alifikiri kwa makini. "Simjui sana mama yako," alisema.

Marlys alishuka ngazi, akaenda kwa muuza nyama, akaomba kipande kirefu cha karatasi ya kahawia ya kufungia nyama.

Alhamisi ilipofika, ukumbi ulijaa. Harlan alikuwa amemleta Alma katika gari lake, maana Alma hakuwahi kukosa zamu yake ya kumimina kahawa. Marlys alibandika karatasi yake juu ya mchoro mzuri wa Craig, akashika kalamu ya wino mzito, na mbele ya watu wote akachora vibaya. Akachora barabara ya ziwa ikaingia majini. Akalichora gari la Harlan lina magurudumu matatu. Nyumba ya mama yake akaifanya kubwa kuliko kanisa, na kutoka mlango wake wa nyuma akatoa mshale uliopinda, ukaenda kwenye kisanduku kitupu chenye alama ya kuuliza.

"Ndivyo nilivyoielewa njia ya kaskazini," alisema, akaiweka kalamu mezani bila kifuniko, karibu na sinia la keki.

Mtu alikohoa. Craig aliufunika uso wake kwa kiganja.

"Mimi sisemi kitu," Harlan alianza hatimaye, "lakini gari langu lina magurudumu manne."

"Ulifika leo kama lina matatu," mtu alimdakia kutoka nyuma. "Tulilisikia tangu barabarani!"

Kicheko kikapasuka. Harlan aliinuka, akaichukua kalamu na kuongeza gurudumu la nne, kubwa kuliko mengine.

"Nami sisemi kitu," Delores akasema, naye amekwisha kusimama, "lakini hiyo barabara, Marlys, utatuzamisha sote." Akaipokea kalamu, akaitoa barabara majini.

Harlan bado alikuwa amesimama mbele ya karatasi. Alikitazama kisanduku kitupu, akajikuna shingo. "Na hiki... hiki si kimoja."

"Harlan," Alma alisema, amesimama kando ya birika la kahawa. "Nyamaza."

"Alma, nimenyamaza mpaka nimezeeka." Akaichukua tena kalamu, akachora visanduku vingine, kimoja baada ya kingine, vikapanda kilima chote. Huku akichora akaeleza. Juu ya nyumba ya Alma, greda halipandi. Huko kuna ndugu wawili wa Kifini wasiooa, mjane mwenye mbwa, na wengine, ambao hawakujiandikisha na hawatajiandikisha kamwe, kwa sababu kila mmoja anaona chama ni cha watu wenye shida kumzidi. Chakula cha chama wangekikataa. Lakini chakula kinacholetwa na jirani, nani atakikataa? Basi yeye huacha milo yote kwa Alma, na Alma huipandisha juu kwa kigari cha kuteleza kwenye theluji, akikisukuma kwa mguu.

"Mama!" Marlys alisema. "Na nyonga yako?"

"Kigari ndicho kinachotembea. Mimi nimesimama tu."

Delores alikuwa ameshika kifua. "Harlan, miaka yote hii! Na ulipoonyeshwa mchoro wa kwanza ukasema si mbaya!"

"Ulikuwa mzuri mno," Harlan alijitetea. "Niliona haya kuuchafua."

Hapo Alma aliliweka birika chini, akapita katikati ya viti, akampokonya Harlan kalamu. "Na kama mnachora, choreni sawasawa. Mmemweka Eino, mmoja wa hao ndugu wa Kifini, kusini ya kijito. Eino hajapata kukaa kusini maisha yake yote, atakufa kwa aibu." Akamhamisha Eino. Akahesabu visanduku kwa ncha ya kalamu, akaongeza kimoja. Majina hakuandika, wala hakuna aliyemwomba.

Watu walikuwa wamesimama wote sasa, kila mmoja akieleza njia yake mwenyewe na kutaka kalamu. Ikaonekana kwamba hata upande wa magharibi kuna bibi anayekula nusu na kumpelekea mwalimu mstaafu nusu. Delores alilazimika kupiga kijiko kwenye kikombe ili kura ipigwe. Njia ya kaskazini haikufungwa. Ilipitishwa kwa mikono yote, pamoja na mkono wa Alma, ambaye hakuwa mjumbe.

Craig aliipiga picha ile karatasi kwa simu yake, akasimama kando ya Marlys akitabasamu. "Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bluu na kijani kwa pamoja."

"Na kisanduku kinaweza kukosa jina."

"Tutakiitaje, basi?"

"Jirani," Marlys alisema. "Jumatatu tujenge hicho tu. Tuwaonyeshe, watucheke, tutajenga kingine."

Ikawa hivyo. Majira yote ya baridi walijenga kidogo kidogo, na kila Alhamisi karatasi mpya ya muuza nyama ilibandikwa ukumbini. Craig naye alijaribu kujifunza kuchora vibaya, lakini hakuweza. Magurudumu yake yalikuwa ya mviringo kamili, na Harlan alimwonea huruma.

Alma aliendelea na kigari chake mpaka alipofikisha miaka tisini, kisha akawa anapelekewa chakula na Eino. Marlys alistaafu, akabaki mjitolea. Wakati binti yake alipojifungua mapacha huko Arizona, mbali kusini, alikubali kwenda kuishi naye.

Siku ya mwisho alipoonekana katika ukumbi ule ilikuwa Alhamisi ya mwezi Aprili, theluji ikidondoka kutoka paani. Alichora njia ya kaskazini, akafuta kosa moja kwa mkono wa sweta lake kabla wino haujakauka, na baada ya nyumba ya mwisho akatoa mshale mmoja usiokuwa na kisanduku mbele yake. Akampa Harlan kalamu. Kisha akachukua kipande cha mwisho cha keki, kizima, akakila mbele za watu wote, akavaa koti na kuondoka.