Dobi Taratibu na kura nne za sataranji

Saa moja asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mwanamke wa miaka arobaini na sita anashika ncha mbili za shuka lililolowa, analinyoosha kifuani, kisha analilisha kwenye roli la pasi. Linatoka upande wa pili likiwa kavu. Kabla ya saa sita atapitisha mia mbili hivi.

"Ukiliharakisha linajikunja, na likijikunja unaanza upya," anasema bila kuinua macho.

Wenzake wanamwita Dobi. Kwenye kumbi za sataranji ana jina jingine: Taratibu. Akipewa vipande vyeupe, husogeza kitunda, kipande kidogo cha mstari wa mbele, kilicho mbele ya malkia nyumba mbili, kisha cha jirani yake nyumba moja, na vipande vingine hujipanga nyuma yao kama watu wanaosubiri zamu. Hakuna purukushani. Watazamaji hupiga miayo, wengine huenda kunywa chai.

"Wakirudi wanakuta mtu ameshabanwa," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Mchezo huo alifundishwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, miaka kumi na tisa iliyopita. Wakati huo Dobi alikuwa ameachika na mtoto mchanga mgongoni, akijihifadhi sebuleni kwa dada. Shemeji alimwambia, "Wewe una mtoto, huwezi kukimbizana. Funga milango yako kwanza. Mwenye haraka atajikwaa mwenyewe."

Alishika neno hilo. Mwaka jana alitumia likizo yake yote ya mwaka kucheza mashindano ya kuchagua timu ya wanawake ya taifa. Michezo tisa: alishinda minne, akatoka sare mitano. Hakufungwa hata mmoja. Alimaliza wa tatu, na nafasi zilikuwa nne.

Alishona gauni. Aliomba ruhusa kazini. Binti yake akamnunulia begi.

Siku sita baadaye ujumbe uliingia kwenye simu akiwa hapo hapo kwenye roli. Kamati ya uteuzi, "kwa kuzingatia mvuto wa mchezo," ilikuwa imemchukua mchezaji wa sita badala yake: msichana mshambuliaji ambaye michezo yake hutazamwa sana mtandaoni. Dobi alikuwa amemfunga msichana huyo katika raundi ya saba, kwa hatua sabini na nne.

"Nilisoma mara tatu. Shuka likaungua," anasema.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mmoja wao ni shemeji.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa mezani, amekwepesha macho.

"Ulinyoosha mkono kunitetea?" Dobi alimuuliza.

"Shemeji, nielewe. Kura zilikuwa nne kwa moja. Mkono wangu ungezuia nini?"

"Huyo mmoja ni nani?"

"Yule refa mzee."

"Yule hata jina langu hulikosea." Dobi alivuta kiti, lakini hakukaa. "Sasa niambie, mchezo wangu una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Ila wafadhili wanataka kuona moto."

"Na aliyenifundisha kuuzima ni nani?"

Dada aliingia na birika, akawatazama wote wawili. "Jamani, sataranji ni mchezo tu," alisema.

"Kwako, dada," alijibu Dobi, akachukua mkoba wake.

Hajarudi tena pale. Dada humpigia simu, huongea habari za watoto tu. "Kikulacho ki nguoni mwako," anasema Dobi. "Mimi nimefua nguo za watu miaka yote hii, hiyo moja sikuikagua."

Timu ilikwenda, ikarudi na ushindi mmoja. Anaulizwa kama alifurahi.

"Nifurahie nini? Mimi nilikuwa hapa napiga pasi."

Shemeji ametuma ujumbe mara mbili akijitolea kumfanyisha mazoezi. Hajajibiwa. Siku hizi Dobi hucheza saa ya chakula na fundi wa boila, mtu mwenye pupa, ambaye hufungwa kila siku na kila siku hudai alikuwa karibu kushinda.

Mashindano mengine ni mwezi wa tatu. Ameshajaza fomu ya likizo, na ameshajiandikisha. Kitunda chake ni kile kile, anasema, na mwendo ni ule ule. Atakachobadilisha ni kimoja: hatakubali sare. Atakaa mpaka mpinzani achoke au yeye aanguke.

Kengele ya zamu inalia. Anafungua kanuni za chama kwenye simu, anaweka kidole chenye kovu la pasi kwenye mstari mmoja.

"Soma hapa," anasema. "Mshindi wa kwanza hapigiwi kura."