Doti Nyekundu ya Fundi Kucha

Dukani kwa kaka yake walimwita Fundi Kucha, na wala si kwa urembo. Kila prosesa kuukuu, ule ubongo wa kompyuta, iliyong'olewa kwenye mashine za maofisini ilipitia mezani kwake. Aliifuta, akaikagua upande wa chini, akaipachika kwenye madabodi, bao la ndani la kompyuta, lililolala wazi mezani, akawasha. Wengi huishia hapo: imewaka, basi nzima. Yeye hakuwa na porojo hizo. Aliipa kazi nzito na kukodolea macho joto lake kwenye skrini. Ikizima njiani, aliitupa kwenye kopo la wafu. Iliyovumilia aliipaka doti ya rangi nyekundu ya kucha, kwenye kona kabisa, nje ya bati la juu. Wateja waliulizia doti kwanza, bei baadaye.

Asubuhi hiyo mwalimu mmoja aliingia amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Wewe ndiye wa doti nyekundu?" aliuliza. "Imenizimikia nikiandaa mitihani, yote imepotea. Mkuu wa shule kaniita mzembe mbele ya wenzangu. Matapeli wakubwa nyie!"

Tapeli! Yeye! Fundi Kucha alifungua skrubu, akatoa feni, akafuta pesti ya kupitisha joto. Doti ilikuwepo. Ilikuwa katikati ya bati, bonge zima, palepale joto linapotakiwa kupita. Hata mlevi asingepaka hapo, ilimradi amewahi kufunga prosesa moja tu maishani. Alipekua mkoba wake akitafuta kichupa cha rangi. Hakikuwemo. Akachungulia kopo la wafu. Lilikuwa tupu.

Kaka yake alikuwa kaunta akicheka na wateja, kichupa kiko mbele yake, mkavu wa macho kweli kweli.

"Kaka, umewafufua wafu wangu?"

"Punguza sauti. Nimezijaribu, zote zinawaka."

"Hata kibiriti kinawaka!"

"Funika kombe, mdogo wangu. Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma. Mgongo wake uliopindia mezani, macho yake yaliyochoka, jina lake, vyote kaka kavipaka matope kwa brashi yake mwenyewe. Alilowesha pamba kwa spiriti, akavuta trei ya prosesa za kuuza iliyokuwa kabatini, akaanza kufuta. Alifuta doti za kaka, akafuta na zake, maana mteja atazitofautisha vipi? Kaka alimshika mkono, naye Fundi Kucha akauchomoa.

"Humu hakuna iliyopimwa," aliwatangazia wateja. "Mwalimu, samahani sana. Kaa hapa. Nakutafutia nzima, na utaishuhudia ikifanya kazi kwa macho yako."

Wateja wawili walishatoka. Kaka alimsogelea, jasho linamtiririka.

"Unaniua mchana kweupe," alinong'ona. "Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja!"

"Ndiyo maana sikukupima," alisema, akapachika prosesa ya kwanza.