Baiskeli Iliyosimama Uani

Mjukuu wangu amenunua baiskeli nyembamba kama panzi, akaifunga sebuleni kwangu, hapa Mkolani, juu ya kifaa cha chuma kinachonyanyua gurudumu la nyuma. Mvua ikinyesha hupanda pale na kaptura yake ya kubana, mimi nikatazama pembeni, akanyonga mpaka jasho linadondoka kwenye zulia langu. Ananiambia, "Bibi, haya ni mazoezi. Lengo langu ni Misungwi, kwenda na kurudi bila kupumzika." Akichoka huacha miguu itulie, na gurudumu huendelea kuzunguka lenyewe, tiki tiki tiki, taratibu, taratibu zaidi, mpaka kimya. Nikisikia mlio ule huwa simo tena sebuleni. Yeye anadhani natabasamu kwa kumwonea fahari. Kumbe mambo hayo ya kunyonga bila kwenda popote mimi niliyaanza kabla nchi haijapata Uhuru, tena nikiwa na gauni la kushindia na kanga kiunoni.

Nyumba yetu ilikuwa mjini Mwanza, imebanwa kati ya duka la baba mbele na jiwe kubwa nyuma. Anayeijua Mwanza anayajua mawe ninayoyasema. Letu lilikuwa refu kuliko paa, likatufanyia kazi ya ukuta, na jua la mchana likilipiga, ua wote ulikuwa tanuri. Harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni ilitufikia vizuri sana, ila upepo wa ziwa wenyewe hatukuupata. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na ulipita dukani, mbele ya macho ya baba, aliyekuwa akiuza nyavu na kamba za wavuvi.

Mwaka ule nilikuwa nimewekwa ndani. Ndivyo walivyofanya watu wa mtaa wetu binti akianza kukua: shule basi, kisimani basi, kucheza rede basi. Mwalimu wangu alikuja mara moja kuniulizia. Baba akamkaribisha kahawa, wakazungumza habari za bei ya samaki, mwalimu akaaga. Naomba mnielewe mapema, baba hakuwa mtu mkali. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Alikuwa mpole, na hata mlango aliufunga kwa upole, kwa hiyo sikuwa na wa kumkasirikia. Nilikasirika hivyo hivyo. Nilikasirikia sufuria, nikakasirikia kuku, na siku nyingine nililipiga lile jiwe teke, nikachechemea juma zima.

Mama alikuwa amekaa humo miaka mingi kabla yangu. Aliletwa bi harusi kutoka Busisi, ng'ambo ya maji, akavushwa Kigongo kwa kivuko akiwa amefunikwa gubigubi, kwa hiyo hata ziwa lenyewe hakuliona siku ile. Tangu hapo alitoka kwa harusi na misiba ya jirani tu, tena jioni, akifuatana na wanawake wenzake. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na mimi kwa akili zangu za kitoto nilidhani amezoea.

Aliyekuwa na dunia yote ni kaka yangu Idi. Alifanya kazi kiwanda cha pamba, na alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye kila kitu: keria, madigadi, dainamo, kengele na ile stendi ya miguu miwili inayobeba gurudumu la nyuma juu ya ardhi. Ilipotangazwa kwamba katika sherehe za Uhuru kutakuwa na mashindano ya baiskeli, kutoka mjini mpaka Misungwi na kurudi, Idi akajiandikisha, na nyumba nzima ikawa ya mashindano. Alikunywa mayai mabichi huku amefumba macho. Alidai maziwa asubuhi, uji wa ulezi jioni, na ugali wa usiku akaupiga marufuku kwa kuwa unalala kwenye mapaja. Kabla ya kulala alijipaka samli kwenye miguu na kuisugua. Mama akamwambia, "Ukiendelea kujikaanga hivyo, fisi wa Misungwi watakupokea njiani."

Kisha akaanza kuipunguza baiskeli. Kila siku alikaa uani na spana akaivua kitu. Kengele ilitoka, dainamo ikatoka, madigadi yakatoka. Akapandisha siti na kushusha usukani, akawa akipanda anaonekana kama mtu anayetafuta sindano chini. Barazani walibishana yeye na rafiki zake mpaka adhana ya magharibi, kama tairi nene ndilo bora kwa mchanga au jembamba ndilo bora kwa mwendo. Alipofungua keria na kuitumbukiza kwenye gunia, moyo uliniuma. Hiyo ndiyo niliyokalia utotoni aliponipeleka ufukweni kuoga. Nilijua sitapelekwa tena popote, lakini keria ilipokuwa pale nilikuwa bado na kitu cha kutazama.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Barabara ya kusini ikawa tope jeusi, lori la kiwanda likawa linapita kuwachukua wafanyakazi, na baiskeli ikabaki nyumbani kwenye stendi yake, chini ya upenu. Jioni Idi aliipanda pale pale uani kufanya mazoezi. Mchana aliniachia kazi: niizungushe pedeli kidogo ili mafuta yaingie kwenye mnyororo.

Siku ya kwanza niliizungusha kwa mkono. Siku ya pili nilitazama huku na huku, nikakaza kanga, nikapanda. Siti ilikuwa juu mno, hivyo nilinyonga nimesimama. Gurudumu likaanza kuvuma, vijiti vyake vikapotea machoni, na upepo mdogo ukanipiga kwenye visigino. Niliwaza nikigeuka nitaona jiwe letu limebaki nyuma. Nilipogeuka, nilimwona mama amesimama na ungo wa mchele.

Nilingoja kusemwa. Mama alichukua kigoda, akakiweka kwenye ujia wa kutokea dukani, akakaa kunipa mgongo, uso ameuelekeza kule ambako baba angetokea, akaanza kuchambua mchele wake. Baada ya kitambo akauliza, bila kugeuka, "Umefika wapi?"

Nikasema, "Mkuyuni."

"Kuna nini huko?"

"Wanawake wanafua."

"Haya. Nenda."

Huo ukawa mchezo wetu. Kila mchana baba alipokuwa na wateja, mama aliketi na ungo wake na mimi nikapanda. Nilifika Butimba, nikafika Nyegezi, siku nyingine nikafika Mkolani hii hii ninayoishi leo, ambayo wakati ule ilikuwa mashamba na ng'ombe. Nilichokijua kuhusu barabara hiyo nilikisikia kwa Idi, na pale Idi alipoishia nilijaza mwenyewe. Miguu yangu ikakaza. Mama alipenda habari ndogo ndogo: wameanika nini, mtama umefika magotini au kiunoni, nani amenisalimia.

Ndipo siku moja mwanamke mmoja muuza dagaa, aliyekuwa akitoka Busisi mara kwa mara, akaingia uani akamwambia mama maneno haya: "Mama yako hajiwezi. Anakuulizia wewe tu."

Jioni ile mama alimwomba baba ruhusa. Nilikuwa nikiosha vyombo, nilisikia yote. Baba alimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Akasema barabara ni tope, malori hayaaminiki, duka haliwezi kuachwa, na wa kumsindikiza ni Idi, naye Idi yuko kwenye mazoezi. "Baada ya sherehe, mama Idi. Nitakupeleka mwenyewe." Wakati ule kila kitu mjini kilikuwa baada ya sherehe. Mama akasema, "Sawa, baba Idi," akaingia jikoni, akapuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

Kesho yake alikaa kwenye kigoda bila ungo. Nilipokaribia Nyegezi akasema, "Ongeza mwendo." Nilipofika Usagara, mahali njia zinapoachana, akasema, "Idi atanyoosha kwenda Misungwi. Wewe pinda kulia." Nikapinda. Siku ya tatu yake nilifika Kigongo, jasho linanitoka, nikamwambia naona maji na kivuko kinakuja. Nilitarajia afurahi. Akasema tu, "Usivuke bila mimi. Nisubiri hapo hapo."

Alhamisi, mashindano yakiwa Jumamosi, Idi alitoa spana yake akapiga magoti nyuma ya baiskeli. Mama alitoka jikoni mikono ina unga.

"Hiyo stendi iache," alisema.

Idi akacheka. "Mama, mashindanoni naegesha kwa nani? Hiki ni chuma cha bure."

"Nimesema iache, Idi."

Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo kwa mwanamume yeyote, hata aliyemzaa. Idi akamtazama baba. Baba, aliyekuwa akipata chai, akasema kwa upole wake, "Mwache kijana, mama Idi. Isipoegeshwa kwa stendi itaegeshwa ukutani." Stendi ikaingia guniani pamoja na mengine. Baiskeli ikaegemea lile jiwe, magurudumu yote mawili chini. Usiku ule sikulia kwa ajili ya bibi yangu mgonjwa, niseme kweli. Nililia kwa kuwa barabara yangu imefungwa.

Ijumaa, baba na Idi walikwenda msikitini, duka likafungwa, tukabaki wawili. Mama alilala kidogo, au nilidhani amelala. Alitoka amejifunga kanga mbili, safi, zile za kutokea. Akaisogeza baiskeli katikati ya ua, akasimama nyuma yake, akashika chini ya siti kwa mikono yote miwili.

"Panda."

"Mama, haina stendi."

"Nimekuona unanisubiri Kigongo tangu juzi. Panda."

Nikapanda. Alivuta pumzi akainyanyua, baiskeli na mimi juu yake, na gurudumu la nyuma likaachana na ardhi kwa unene wa kidole. Nilianza kunyonga. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo, "Acha. Kwenye kivuko hakuna kunyonga. Tulia."

Nikatuliza miguu. Gurudumu likaendelea lenyewe, tiki tiki tiki, likapungua, likanyamaza. Tukavuka. Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu, na nilisikia kwenye siti jinsi mikono yake ilivyokuwa ikielemewa. Nilimwonea huruma, nikataka kumwambia ashushe, lakini niliogopa kwamba tutakuwa bado majini. Nilikaza macho mbele, nikaona jikoni kwetu, mtungi na kuku.

Kisha nyuma yangu nikamsikia anasema, polepole, kwa adabu ya mtoto mdogo, "Shikamoo, mama."

Mchezo wetu ulikuwa wa kuuliza na kujibu, na nikaona zamu ni yangu. Nikaifanya sauti yangu iwe nzito, ya kizee.

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika," akasema mama, na gurudumu likagusa chini.

Aliirudisha baiskeli kwenye jiwe, akaifuta alama za vidole, akabadili kanga, akawasha moto.

Kesho yake mji wote ulipiga kelele, sisi tukazisikia kwa juu ya ukuta. Idi alipata nafasi ya sita, akalalamikia upepo, akalalamikia tairi, akaapa mwaka unaofuata atabadili kila kitu. Alitusimulia barabara kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama, aliyependa sana habari hizo, hakumuuliza swali hata moja.

Jumatatu yule muuza dagaa akarudi, safari hii hana dagaa. Bibi alikuwa amefariki Alhamisi, na Ijumaa wakamzika. Baba alifunga duka saa ile ile. Lori likapatikana, msindikizaji akapatikana, tope likapitika. Wanawake wa mtaani walijaa uani kumpa mama pole, wakamshangaa kwamba halii. Mmoja wao, jirani yetu wa karibu, akamshika mkono akamwambia kwa kumsikitikia, "Umeondokewa hata hukumwamkia."

Mama akasema, "Nilimwamkia Ijumaa. Akaniitikia."

Wakatazamana. Nikasikia mmoja akinong'ona kwamba msiba umemchanganya. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, na ulimi uliniwasha niseme kwamba haikuwa bibi, ilikuwa mimi, na kwamba Ijumaa bibi alikuwa keshakufa. Mama aliniangalia, nikagawa kahawa. Alipanda lori na kanga zile zile za Ijumaa, akavuka Kigongo mchana kweupe. Aliporudi Idi alikuwa amesharudisha stendi na keria mahali pake, lakini mama hakuketi tena kwenye ujia, wala hakuniuliza tena nimefika wapi.

Miaka mingi nilimhurumia kwa kosa lile, nikidhani huzuni ilimfanya achukue sauti ya mtoto akaifanya ya mamaye. Nilikuwa nimeshazaa, na wanangu wameondoka nyumbani mmoja mmoja, ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alijua vizuri ni nani aliyemwitikia. Katika nyumba ile yenye mlango mmoja, hakuwa na mwingine wa kumwamkia.