Lami Tamu ya Mayoni

Hebu sogea nikusimulie taratibu, hutapotea. Juzi niliona gazetini picha ya mheshimiwa wetu wa zamani akipelekwa jela kwa wizi wa pesa za barabara, na papo hapo nikaisikia harufu ya molasi, yale maji meusi mazito yanayobaki kiwandani sukari ikishapikwa.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja alikuja kijijini kwetu Mayoni kuzindua barabara yetu. Ilikuwa nyeusi, iking'aa juani. Kukhu, bibi yangu, alipiga vigelegele kuliko wote, kwa kuwa miwa yake ilikuwa imekomaa kupita kiasi na kila trekta iliyoifuata ilikwama kwenye matope. Mheshimiwa akiwa katikati ya hotuba, ng'ombe wa jirani alikata kamba, akaja kuilamba barabara. Nami nikachovya kidole, nikalamba.

"Kukhu, lami ni tamu!" nikapaza sauti. Niliamini mheshimiwa ametutilia sukari kwa kutupenda.

"Nyamaza, wewe!" Kukhu akafoka. Kisha akainama, akaonja, akamgeukia mgeni. "Mheshimiwa mwanangu, hata huko kwenu ng'ombe wanalambanga lami?"

Watu walicheka mpaka hotuba ikaishia hapo. Mheshimiwa alikwenda kwenye gari lake viatu vikinata kila hatua, nami nikampungia mkono kwa shukrani. Mvua ya kwanza iliisomba molasi yote, matope yakarudi, na miwa ya Kukhu ikakauka shambani.

Kwa hiyo ukionyeshwa barabara mpya, subiri mvua moja inyeshe, ndipo upige makofi.